Jiko la Mkaa na Nyota za Mbali

Mtu akitamka neno mkaa hapa mjini, msikilizaji hufikiria jiko, sufuria ya wali na bei ya gunia. Akitamka neno nyota, hufikiria mambo ya mbali yasiyomhusu, ya kuwaachia mabaharia, wapiga bao na wataalamu wa Ulaya. Katika kurasa hizi nataka kueleza jinsi vitu hivi viwili vinavyokutana. Iko hewa moja itokayo katika jiko la mkaa, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo ndiyo iliyowafungulia wanasayansi mlango wa kujua nyota huzaliwa wapi na kwa wingi gani, hata katika pembe za ulimwengu ambazo mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni 10 kutufikia. Hewa hiyo hiyo huua watu vyumbani. Nimeijua kwa pande zote mbili, ndiyo maana naiandika.

Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi wa shule ya sekondari, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimeishi Magomeni. Nyumba zetu nyingi za zamani ni zile za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Uani ndiko kwenye majiko, bomba, kamba ya kuanikia nguo na mazungumzo. Wakati wa kiangazi kila mpangaji huweka jiko lake nje, na ifikapo magharibi uani huwa kama soko dogo la moto. Shida huja wakati wa masika. Mvua ikishika usiku uani haukaliki, na mwenye chumba kimoja huona hana budi aingize jiko ndani.

Katika masika ya mwaka 1989 wapangaji wawili wa nyumba ya jirani, vijana waliokuwa wameoana karibuni, walilala na jiko chumbani. Mlango ulifungwa, na dirisha lilizibwa kwa gunia kwa ajili ya manyunyu. Asubuhi hawakuamka. Nilikuwa miongoni mwa waliovunja mlango. Hapakuwa na moshi, wala harufu, wala dalili ya ghasia. Walikuwa wamelala kama watu waliochoka.

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na maelezo. Wako waliosema ni jini. Wako waliomtaja mtu wa ukoo ambaye hakuitaka ndoa ile. Bibi mwenye nyumba, niliyemheshimu kama mama yangu, aliniita pembeni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema:

"Mwanangu, wewe ni mwalimu, niambie kweli. Mkaa ule niliuona mwenyewe jioni. Ulishika vizuri, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Sasa wamekufa kwa nini?"

"Bibi, si moshi uliowaua. Ni hewa isiyoonekana."

"Haionekani, hainusiki," alisema polepole. "Basi ina tofauti gani na jini?"

Bibi yule hakuwa mjinga. Lilikuwa swali la mtu anayefikiri, nami nimeishi nalo miaka mingi. Kumwambia kwamba vitabu vimesema hivyo kusingetosha, maana hata mganga ana kitabu. Jibu lake ni refu, na sehemu yake kubwa haimo katika jiko. Imo angani.

Kwanza tuitaje hewa yenyewe. Mkaa ukiungua penye hewa ya kutosha, kila atomu ya kaboni hujipatia atomu mbili za oksijeni, nayo hugeuka hewa ukaa. Oksijeni ikipungua, kama katika chumba kilichofungwa, kaboni hupata atomu moja tu ya oksijeni, na hapo huzaliwa kaboni monoksaidi. Mtu akiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mwili hukosa pumzi huku kifua kikiendelea kupanda na kushuka. Mkaa mwekundu usio na moshi, ule ambao akina mama husema umeshika vizuri, huweza kuitoa kwa wingi bila kumwonya mtu.

Sasa twende juu. Wakati wa mgao wa umeme, mji ukiwa giza, hata hapa Magomeni mtu aliweza kuona ule mkanda mweupe unaokatiza mbingu, ambao ni nyota za galaksi yetu zilizosongamana. Ndani ya mkanda ule kuna mabaka meusi. Katika karne ya 18 William Herschel, aliyekuwa mtazamaji mkubwa wa nyota nchini Uingereza, aliyafikiria kuwa matundu, mahali pasipo na nyota. Leo twajua kuwa si matundu hata kidogo. Ni mawingu ya gesi na vumbi, mazito kiasi cha kuziba mwanga wa nyota zilizo nyuma yake, na yenye baridi ya nyuzi kama 260 chini ya sifuri. Humo ndimo nyota huzaliwa. Wingu likipoa vya kutosha, hukosa nguvu ya kujitanua, uzito wake hulielemea, hukunjamana, na katika kukunjamana huko kiini chake hupata joto hadi nyota ikawaka.

Tatizo lilikuwa kulipima wingu lenyewe. Karibu gesi yote iliyomo ni haidrojeni, ambayo katika baridi ile atomu zake hushikana mbili mbili zikawa molekuli. Molekuli hiyo ni bubu. Mfano wake ni mchuuzi wa maji aliyebeba mzega wenye ndoo mbili zilizo sawa kabisa: hata akigeuka, mzega hautikisiki. Molekuli ya kaboni monoksaidi ni kama mzega wenye ndoo zisizolingana, kaboni upande mmoja na oksijeni upande wa pili. Ikizunguka huyumba, na kwa kuyumba kwake hutoa mawimbi ya redio yenye urefu wa milimita 2.6. Molekuli moja ya namna hii huwa pamoja na maelfu ya molekuli za haidrojeni, nayo huzungumza kwa niaba ya kundi zima. Mwenye masikio ya redio aweza kuisikia.

Masikio hayo yalipatikana mwaka 1970. Nauona mwaka huo kuwa mwaka wa gesi, kwa maana ulileta mambo matatu, na la tatu lilitokea kwetu.

La kwanza lilikuwa mwezi Machi. George Carruthers, mwanasayansi Mmarekani mweusi aliyefanya kazi katika maabara ya utafiti ya jeshi la wanamaji la nchi yake, alirusha roketi kutoka New Mexico ikiwa na chombo alichokibuni mwenyewe cha kupokea mwanga wa urujuanimno. Katika dakika chache roketi ilipokuwa juu ya hewa ya dunia, chombo kile kilionyesha alama ya molekuli za haidrojeni kati ya nyota. Kwa mara ya kwanza yule bubu alionekana. Lakini ilikuwa ni kwa msaada wa nyota angavu iliyo nyuma ya gesi nyembamba. Ndani ya mawingu mazito mwanga huo haupenyi.

La pili lilitokea mwaka huo huo katika mlima wa Kitt Peak, Arizona. Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias walielekeza sahani ya redio yenye upana wa mita 11 kwenye wingu lililo katika nyota za Jabari, ambazo wataalamu huziita Orion. Wakapokea, kwa nguvu wasiyoitarajia, sauti ya kaboni monoksaidi. Hewa ya jiko ilikuwa mbinguni, tena kwa wingi. Msomaji aliyeko Dar es Salaam aweza kupaona mahali penyewe bila darubini. Mwishoni mwa Januari, kama saa tatu na nusu usiku, nyota za Jabari huwa karibu utosini kabisa mwa mtu aliyesimama uani kwake. Zitazame zile tatu zilizopangana mstari, kisha kaukungu kadogo kando yake. Mwanga wa hapo umetumia miaka kama 1,350 kufika.

La tatu ni letu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitalia lililosimamishwa baharini katika ghuba ya Ngwana, karibu na Malindi, Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kutazama mbingu kwa miale ya eksirei. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya kujitawala, na kwa heshima ya wenyeji setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Msimamizi wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na kiongozi wa wanasayansi alikuwa Riccardo Giacconi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Neno hilo lina historia yake Magomeni. Nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere katika miaka ya kupigania uhuru iko hapa, nayo sasa ni makumbusho. Basi neno lililonenwa katika mabaraza yetu likaandikwa katika majarida ya elimu ya nyota duniani kote, na hadi leo vyanzo vya eksirei vilivyogunduliwa na setilaiti ile hutajwa kwa herufi U ya kwanza ya jina lake. Orodha yake ya mwisho, iliyotolewa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339.

Msomaji aweza kuuliza, eksirei zinahusiana vipi na mawingu ya baridi? Zinahusiana kwa kuwa ni upande wa pili wa shilingi. Setilaiti ya Uhuru ilionyesha kwamba kati ya galaksi zilizokusanyika katika makundi makubwa imetanda gesi nyingine, yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Ni gesi nyingi mno, lakini haizai nyota. Joto lake huitawanya, haikubali kukunjamana. Hivyo katika mwaka mmoja binadamu walipewa ncha mbili za jambo moja: kutoka Arizona, gesi ya baridi inayozaa, kutoka pwani ya Kenya, gesi ya moto iliyo tasa. Tangu hapo ikawa dhahiri kwamba kuwa na gesi si kuwa na nyota. Swali ni gesi ya namna gani, kiasi gani, na itumike kwa kasi gani.

Mwaka 1975 kaboni monoksaidi ilisikika nje ya galaksi yetu, katika galaksi mbili zijulikanazo kwa namba za M82 na NGC 253. Zote mbili zilikuwa na tabia ya ajabu: nyota zilizaliwa katikati yake kwa fujo, kwa kasi isiyoweza kudumu. Galaksi za aina hii nitaziita galaksi zenye mfumuko wa nyota. Neno mfumuko sisi tunalijua kwa habari za bei, na maana si mbali: jambo hupanda ghafla, na lazima litulie.

Aliyewahi kufika kwenye matanuri ya mkaa huko Kisarawe ataelewa kwa nini galaksi hizo zilichelewa kujulikana. Tanuri hufunikwa kwa majani na udongo. Ndani magogo yanaungua, nje huoni hata mwali mmoja. Ukikaribia ndipo unapohisi joto usoni. Galaksi zenye mfumuko zimefunikwa vivyo hivyo kwa vumbi la nyota zake. Mwanga hunaswa ndani, vumbi hupata joto, na kinachotoka ni mwanga wa joto usioonekana kwa macho. Mwaka 1983 Marekani, Uholanzi na Uingereza zilirusha setilaiti iliyoitwa IRAS, iliyoweza kuuona mwanga huo. Katika miezi kumi ilionyesha kuwa ziko galaksi nyingi ambazo karibu nguvu zake zote hutoka kwa njia hiyo. Wale waliotegemea macho walikuwa wakipita kando ya matanuri wakidhani ni vichuguu.

Mwaka 1991, katika mlima ule ule wa Kitt Peak, Robert Brown na Paul Vanden Bout walisikia kaboni monoksaidi katika galaksi moja ya orodha ya IRAS, iliyo mbali kiasi kwamba mwanga wake ulianza safari zaidi ya miaka bilioni 10 iliyopita, kabla jua letu halijazaliwa. Hesabu za mwanzo zilitoa gesi nyingi mno. Baadaye ikagunduliwa kuwa galaksi nyingine iliyo njiani ilikuwa ikiukuza mwanga huo kama lenzi, na hesabu ikateremshwa. Nawapenda wanasayansi kwa tabia hii. Kipimo kilichotoa utukufu ndicho kilichorudiwa, na kilipokuwa kikubwa mno kilipunguzwa mbele za watu.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kilianza mwaka 1998. Kwa darubini iliyo juu ya mlima Mauna Kea, Hawaii, watafiti walitazama kipande kidogo cha mbingu ambacho darubini ya Hubble ilikuwa imekwisha kukipiga picha kwa siku kumi mfululizo. Wakaona doa la joto la vumbi, nalo likapewa jina HDF 850.1. Walipotafuta mahali pake katika picha ya Hubble hawakukuta galaksi ya kuihusisha nalo kwa hakika. Miaka 14 ilipita. Mwaka 2012 ndipo kaboni monoksaidi ya galaksi hiyo ilipokamatwa na kuthibitishwa. Kwa kuwa ulimwengu hutanuka na kuyavuta mawimbi yaliyo safarini, kipimo cha kuvutika kwake hutoa umbali. Mwanga wa HDF 850.1 umesafiri miaka kama bilioni 12.5. Huko, katika utoto wa ulimwengu, galaksi hiyo ilikuwa ikitengeneza nyota zenye uzito wa majua 850 kila mwaka. Galaksi yetu hutengeneza jua moja au mawili.

Hapo ndipo historia hii inapogeuka kuwa hesabu ya akiba, jambo ambalo kila mama wa Magomeni analijua. Ukijua gunia lina madebe mangapi, na kila siku unatumia kiasi gani, utajua lini utarudi sokoni. Galaksi tulivu kama yetu ina gesi ya baridi ya kutosha miaka kama bilioni mbili kwa kasi yake ya sasa, na pole pole hupokea nyingine kutoka nje. Galaksi zenye mfumuko mkubwa humaliza gunia lao katika makumi ya mamilioni ya miaka, ambayo kwa umri wa ulimwengu ni kama jioni moja ya karamu. Tena haziteketezi tu, bali hutupa. Mwaka 2013 darubini za ALMA, zilizopangwa katika jangwa la Chile kwenye kimo cha mita kama 5,000, zilionyesha kwamba katika ile NGC 253 nyota changa zinaifukuza gesi ya baridi itoke nje, kwa kiasi kinachofikia au kuzidi kile kinachogeuka nyota. Wataalamu wengi huamini kuwa galaksi kubwa tuzionazo leo zikiwa nyekundu na zisizozaa ni wazee wa karamu za namna hiyo.

Ni haki kusema kwamba hesabu hizi zina mabishano. Yule anayesema kwa niaba ya haidrojeni hasemi kwa sauti moja kila mahali. Katika galaksi zenye mfumuko, ambamo gesi imebanwa na kuchafuka, kipimo kinachofaa galaksi yetu huweza kuzidisha uzito mara nne au tano. Watafiti hubishana juu ya hilo hadi leo. Lakini tazama wanavyobishana: hurudi kwenye chombo, hupima tena, na aliye Chile aweza kumsahihisha aliye Arizona.

Hilo ndilo jibu la swali la bibi, na niliwahi kumpa sehemu yake kabla hajafariki. Kuonekana na kutoonekana si tofauti ya hewa na jini. Tofauti ni kwamba hewa hutoa jibu lile lile kwa kila aulizaye sawasawa. Mawimbi yake ni yale yale kutoka katika nyota za Jabari, kutoka NGC 253 na kutoka galaksi iliyokuwako kabla ya jua. Haina mtu inayemchukia. Haijali ndoa ya nani ilipingwa. Jini hubadilika kwa kila msimulizi, na daima huacha nyuma yake jirani mmoja wa kushukiwa. Mwaka ule mtu wa ukoo aliyetajwa alihama mtaa. Kifo kile kilichukua watu wawili, na uvumi ukamchukua wa tatu.

Siku hizi mitungi ya gesi imeingia katika nyumba nyingi za Magomeni, na mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wenye lengo la kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema. Lakini mkaa bado unauzwa kwa kopo na kwa debe, na masika bado huja. Kwa hiyo, ndugu msomaji, wafundishe watoto habari za nyota, na katika somo hilo hilo wafundishe kwamba mkaa mwekundu usio na moshi si salama katika chumba kilichofungwa. Jiko likae uani. Na mvua ikizidi, heri wali uive kesho.